Kuuguzwa Nako Ni Kazi

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akiniomba niwaeleze wanafunzi wa sasa jambo moja nililojifunza tangu nilipotoka shuleni. Wenzangu wa zamani wamekwisha kuandika humu habari za safari zao na vyeo vyao. Mimi sina cheo. Ni fundi cherehani katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, na safari kubwa niliyoifanya katika miaka ya karibuni ni ya kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka ukingo wa mto Ntahangwa. Lakini safari hiyo ilinifundisha jambo ambalo sikulipata darasani, nalo ni kwamba mgonjwa naye ana kazi yake. Nilikuwa nikidhani ya kwamba kazi ni ya daktari, na wauguzi, na watu wa nyumbani, na mimi ni wa kulala tu. Kumbe sivyo.

Kwa wale wasioijua Buyenzi, huu ni mtaa wa zamani wa Waswahili wa Bujumbura, tangu siku zile mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Njia zake hujulikana kwa namba. Mtu akikuuliza wakaa wapi, wamtajia namba ya avenyu yako, basi amekwisha kufahamu. Kukiwa hakuna ukungu huonekana milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Na mchana kutwa husikika nyundo za mafundi wa magari, maana watu wengi wa mjini gari likiwaharibikia hulileta kwetu. Nawataja mafundi hao mapema kwa sababu wao waliniokoa kabla daktari hajaniona.

Kabla ya yote yanipasa nikiri kosa moja. Mwezi wa Juni 2020, Rais Pierre Nkurunziza alipofariki ghafula, Serikali ya Burundi ilitangaza kwamba moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 55, naye alikuwa akijulikana sana kwa kucheza mpira wa miguu. Basi barazani kwetu watu walizungumza habari za moyo kwa siku nyingi. Huyu alisema ni fikira nyingi, yule akasema ni chumvi, na mimi nilisema mengi kuliko wenzangu wote. Lakini hata siku moja sikwenda kupimwa presha, wala sigara niliyokuwa nimeishika mkononi nilipokuwa nikisema maneno hayo sikuitupa.

Usiku mmoja wa Februari 2024 nilikuwa dukani nikimaliza nguo za harusi. Nilikuwa na umri wa miaka 58. Nilirudi nyumbani nikala mikeke ya kukaanga, yaani samaki wale ambao watu wa Kigoma huwaita migebuka, nikashiba. Yapata saa tatu nikasikia kitu kizito kifuani, kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia. Kikapanda mpaka tayani, kikashuka katika mkono wa kushoto. Jasho likanitoka, nalo lilikuwa baridi. Mke wangu akaniuliza, "Una nini?" Nikamjibu, "Ni kiungulia tu, nimeshiba mno." Akaleta chai ya tangawizi, nikainywa, nikamwambia nimepata nafuu. Ulikuwa uwongo. Sikumwambia kweli kwa sababu niliona haya, na kwa sababu kesho yake watu wa harusi walikuwa wanakuja kuchukua nguo zao.

Saa tano nilitapika, nikashindwa kusimama. Mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa katika kidato cha mwisho, aliamka kwa kishindo, akaniona, akasema, "Mama, hiki si kiungulia." Akatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye gari.

Gari lilikuwapo, lakini petroli haikuwapo. Siku zile mafuta yalikuwa adimu nchini Burundi. Magari yalipanga mistari mirefu, na watu walilala ndani yake wakingojea zamu. Mwanangu akakimbilia kwa mafundi waliokuwa wakilala katika uwanja wao, akawagongea. Hawakuuliza maneno mengi. Palikuwa na magari matatu yaliyokuwa yakitengenezwa. Wakaingiza mpira katika tangi la kwanza, wakavuta, ikatoka kidogo. Wakaenda la pili, na la tatu, hata kidumu kikapata kiasi cha kutufikisha hospitali. Asubuhi waliwaeleza wenye magari waliyoyafanya, wala hakuna aliyedai hata senti moja.

Hospitali walinilaza, wakaninasa nyuzi kifuani na katika mikono na miguu, mashine ikachora mistari juu ya karatasi. Mashine hiyo husoma umeme mdogo unaotoka katika moyo. Aliyeivumbua ni Mholanzi Willem Einthoven, mzaliwa wa kisiwa cha Java, ambaye mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Daktari aliitazama karatasi, akanipa aspirini, akaniamuru niitafune badala ya kuimeza nzima, ili ipate kuingia katika damu upesi. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 17,000, yakaonyesha kwamba kidonge hicho cha bei ndogo peke yake kilipunguza vifo vya ugonjwa huu kwa zaidi ya kimoja katika kila vitano.

Kisha daktari akaniuliza, "Maumivu yalianza saa ngapi?" Nikajibu, "Saa tano." Mke wangu akanitazama. Hakunipinga mbele ya mgeni, alinitazama tu. Nikasema, "Nimekosa. Yalianza saa tatu." Daktari akaandika, kisha akasema kwa upole, "Mzee, saa mbili hizo ulizozificha, moyo wako hautazirudishiwa."

Baadaye alinieleza maana ya maneno yake. Moyo ni msuli, nao una mishipa yake wenyewe ya kuulisha. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo pasipo mtu kujua. Sigara na presha huongeza ubaya. Siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, na njia huziba. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Njia ikifunguka mapema, sehemu kubwa huokoka. Ikichelewa, msuli hufa na mahali pake huwa kovu. Na kovu halipigi.

Nililazwa siku 9. Katika hospitali zetu mgonjwa huwa na mtu wake. Kirundi kina neno la mtu huyo, umurwaza, yaani yule anayemwuguza mgonjwa wa kwao. Yeye huleta chakula, hufua nguo, humsaidia mgonjwa kuoga, na usiku hujinyosha mahali po pote apatapo nafasi. Mke wangu alilala siku zote hizo juu ya mkeka chini ya kitanda changu. Wauguzi wa hospitali walipima presha, wakatoa dawa na sindano, wakaangalia mapigo. Mke wangu akaangalia mambo yasiyoandikwa katika karatasi. Yeye ndiye aliyemwambia mwuguzi kwamba miguu yangu imeanza kuvimba. Yeye ndiye aliyetambua kwamba nikikaa kimya sana ninaumwa. Hapo nikaona uuguzi ni kama mkasi wenye makali mawili. Kali moja peke yake halikati nguo.

Siku ya tatu mwuguzi akaja akasema, "Leo utakaa kitini." Dada yangu, aliyekuwa amewasili kutoka Rumonge, akashtuka, akasema, "Jamani, mtu moyo umempasuka juzi, nanyi mwamwinua?" Dada yangu hakuwa mjinga. Hivyo ndivyo hata madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani walivyoamini zamani: mgonjwa wa namna hii alilazwa chali wiki nyingi, akalishwa kwa kijiko, asiinue hata mkono. Lakini mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika habari za wagonjwa waliowatoa kitandani mapema na kuwakalisha katika viti, wala viti havikuwaua. Kulala mno kulikuwa kukigandisha damu miguuni, kukilegeza mwili na kuvunja moyo wa mtu.

Miaka mitatu baadaye jambo hilo liliwafikia walimwengu wote. Mwezi wa Septemba 1955, Rais Eisenhower wa Marekani aliugua moyo alipokuwa Denver. Yeye naye mwanzoni alidhaniwa kuwa anaumwa tumbo, na hivyo ndivyo watu walivyoambiwa. Daktari mkuu wa moyo aliyeitwa kumtazama, Paul Dudley White, aliwaeleza watu waziwazi ugonjwa ni nini, na mgonjwa hufanyiwa nini, wala hakuficha mambo ambayo watu wengine wangeyaonea haya. Mwaka uliofuata Eisenhower alichaguliwa tena, akaishi mpaka 1969. Nilipoyasoma hayo baadaye nilifurahi kidogo, nikajiona sikuwa mtu wa kwanza kuita moyo kiungulia.

Basi nilikaa kitini dakika 10, na nilipokwisha nilikuwa nimechoka kama mtu aliyeshona suti nzima usiku mmoja.

Siku ya kurudi nyumbani nilidhani taabu imekwisha. Kumbe ilikuwa inaanza. Hospitali kuna kengele na saa za wageni; nyumbani kwetu hakuna. Tangu alfajiri watu walikuja kunipa pole, na kwa desturi yetu huwezi kumfukuza mtu aliyekuletea pole. Mzee mmoja alikaa tangu saa mbili mpaka adhuhuri, akanihesabia watu wote aliowajua ambao walikufa kwa moyo, na siku walizokufa. Wengine waliniambia, "Huna kitu wewe, kesho utacheza mpira." Sikujua maneno ya nani yalinichosha zaidi. Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyeweka misingi ya uuguzi wa siku hizi, aliandika kitabu cha kazi hiyo kilichotoka yapata mwaka 1860, na ndani yake ameweka sura moja nzima juu ya kelele, na nyingine juu ya wageni wanaomlemea mgonjwa kwa matumaini matupu na mashauri. Nadhani naye alimfahamu yule mzee.

Aliyetuokoa ni jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na sasa amestaafu. Watoto wa mtaa humwita Bibi Nesi. Alikuja jioni ya pili na mashine yake ya kupimia presha, akaikuta nyumba imejaa, hewa hakuna. Hakumtukana mtu. Alimwita mke wangu kando, na kesho yake benchi letu likawekwa nje, chini ya mwembe. Wageni wakaketi hapo, wakapewa chai, na wawili wawili wakaingia kunisalimu kwa dakika chache. Hakuna aliyenuna, maana kila mtu alipokewa.

Dada yangu wa Rumonge ndiye aliyetupa mtihani. Rumonge ni nchi ya michikichi, na mtu wa huko akikupenda hukuletea mawese. Yeye aliniletea dumu zima, akasema, "Kaka, bila mawese mtu hapati nguvu." Nilimtazama Bibi Nesi, nikaogopa. Lakini yeye alilipokea dumu kwa mikono miwili, akashukuru, akasema, "Dada, mafuta haya ni mazuri, nayo yatawafaa wote waliochoka kwa kumwuguza huyu. Mgonjwa naye tutampa kidogo sana, ili asisahau kwao." Dada akacheka. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa dumu, na hapakuwa na mlinzi mkali kama yeye.

Chumvi nayo ilipunguzwa. Mwanzo nilidhani ni chakula changu peke yangu. Jioni moja nilimwona binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 11, akila lengalenga na maharage huku amekunja uso. Nikamwuliza, "Mbona wakunja uso?" Akasema, "Hakina chumvi, Baba." Kumbe mama yake alikuwa ametoa amri nyumba nzima ile chakula kimoja, nisije nikaona kwamba nimetengwa. Watu sita walikuwa wakila chakula kisicho na ladha kwa ajili yangu, wala hakuna aliyeniambia. Mtoto huyo huyo alichukua kalenda ya zamani, nyuma yake akapiga mistari, akaandika saa za dawa zangu zote, na kila nikimeza akatia alama. Nikichelewa husimama mlangoni na gilasi ya maji, haondoki.

Ndugu wasomaji, mngedhani mtu aliyependwa hivyo atakuwa na furaha. Mimi sikuwa nayo. Usiku nililia, wala sikujua sababu. Kila moyo ukipiga kwa nguvu nilidhani ndio mwisho. Niliwaonea watu wa nyumbani hasira kwa sababu waliniletea maji kabla sijaomba. Tangu nilipokuwa kijana nilikuwa mtu wa kulisha wengine, sasa niliogeshwa. Hayo nayo niliyaficha, mpaka Bibi Nesi akaniuliza siku moja, bila kunitazama, huku akifunga mpira wa mashine mkononi mwangu, "Fundi, usiku walia?" Nikanyamaza. Akasema, "Wengi hulia. Ni sehemu ya ugonjwa huu, kama maumivu ya kifua. Ukisema, hupungua. Usiposema, hukaa." Siku ile nilisema, na kweli ulipungua, ingawa haukwisha upesi.

Kutembea kulikuwa kwa kipimo. Juma la kwanza nilikwenda mpaka mlangoni na kurudi, mara mbili kwa siku. Juma la pili nilifika pembe ya avenyu yetu. Kisha nikaongezewa avenyu moja, halafu mbili. Mke wangu alitembea upande wangu wa kushoto, na sharti lilikuwa hili: nitembee kwa mwendo ambao naweza kuzungumza naye bila kutweta. Tumeoana miaka 30, na nadhani katika matembezi hayo tulizungumza kuliko katika miaka 10 ya nyuma yake.

Wakati huo wote nani alikuwa dukani? Ni mwanangu. Alikuwa ameacha kwenda shule tangu usiku ule. Alijua kushona suruali na kupindua kola. Aliwapokea wateja, akamaliza nguo za harusi, akanunua dawa zangu kwa fedha alizopata. Kila siku aliyokaa dukani ilikuwa siku moja aliyokosa darasa, na mtihani ulikuwa unakaribia. Jambo hili liliniuma kuliko kovu. Nikasema moyoni, nikirudi mapema kijana atarudi shule.

Basi katika juma la nne, alfajiri moja, watu wakiwa wamelala, nilitoka kimyakimya nikaenda dukani. Nilipata kufungua mlango vizuri. Nikaona robota la kitambaa limewekwa njiani, nikaliinua. Lilipofika magotini, lile jiwe la kusagia likarudi kifuani. Nikaketi juu ya robota. Baada ya dakika chache likaondoka. Nikafunga mlango, nikarudi polepole, nikaingia kitandani. Mke wangu alipoamka nikamwambia nimelala vizuri.

Jioni Bibi Nesi alinipima. Akapima tena. Akaniuliza, "Umetembea wapi leo?" Nikasema, "Avenyu mbili, kama kawaida." "Umeumwa mahali?" Nikasema, "Hapana." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la tatu ambalo sikulitazamia: "Umeficha nini?"

Sikujibu. Aliyejibu ni mwanangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, robota la kitambaa nililiacha mlangoni jana. Leo nimelikuta limesogea, na juu yake pana dawa yako moja imeanguka." Akaingia, akaketi miguuni pangu. Hakupaza sauti. Alisema maneno haya, na mimi sitayasahau: "Baba, muhula huu nimeutoa ili upone. Nimekwisha kuutoa, haurudi. Sasa ukijiua kwa haraka, nitakuwa nimeutoa bure."

Nimepata kuadhibiwa na walimu wa shule yetu, na wenzangu wa bweni watakumbuka kwamba sikuwa mtoto mpole. Lakini sijapata adhabu iliyoniingia kama ile. Niliona wazi kwamba siri yangu haikuwa yangu. Petroli ya mafundi, mkeka wa mke wangu, lengalenga lisilo na chumvi, alama za kalamu nyuma ya kalenda, muhula wa mwanangu, vyote hivyo vilikuwa vimewekwa juu yangu kama fedha za watu mkononi mwa mshika hazina, nami nilikuwa nikizichezea gizani.

Nikawaeleza yote. Bibi Nesi akatupeleka hospitali asubuhi, mashine ikachora tena, na kwa rehema za Mungu halikuonekana pigo jipya. Daktari akabadili kipimo cha dawa moja. Tulipokuwa tukirudi mama yule akaniambia, "Fundi, kovu la moyo hujishona wiki sita hata nane. Wewe wajua nguo ikivutwa kabla uzi haujafungwa." Nilijua sana. Nimewafukuza vijana wangapi kazini kwa kosa hilo!

Tangu jioni ile maswali matatu yakawa sheria ya nyumba. Umetembea wapi? Umeumwa wapi? Umeficha nini? Nami nikajibu kweli, hata pale kweli iliponitia haya, kama siku niliyoomba sigara kwa mpita njia nikaivuta mara mbili kabla sijaitupa. Nilikuwa nimefahamu kazi yangu. Muuguzi hufanya kwa yale anayoyajua, na sehemu kubwa ya anayopaswa kuyajua imo katika kinywa cha mgonjwa. Akidanganywa, hata awe hodari namna gani, anamwuguza mtu mwingine asiyekuwapo. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Niliijua methali hiyo tangu darasa la tatu, nami nilipata maksi zote nilipoulizwa maana yake.

Katika mwezi wa Juni 2024 nilifika ukingo wa Ntahangwa kwa miguu yangu, nikaketi na mke wangu, tukatazama maji. Mwezi wa Julai nilianza kukaa dukani nusu siku, nikikata vitambaa tu, maana robota sizigusi. Dawa nameza kila siku, nami nimeambiwa nyingine nitazimeza maisha yangu yote. Sigara nimeiacha. Moyo wangu una kovu, na baadhi ya siku hunikumbusha.

Mwanangu alichelewa mno kwa mtihani wa mwaka ule. Septemba 2024 alirudia kidato kile kile, akakaa na watoto aliokuwa amewatangulia. Hakulalamika, nami sijui namna ya kumlipa. Nilichoweza ni kumsindikiza. Mwaka ule wote, kila asubuhi ya shule, tulitoka pamoja. Yeye alikuwa akienda darasani, mimi nikienda matembezi yangu, na tuliachana kwenye lango. Hata leo siku nyingine hunitazama usoni, akauliza kwa mzaha ambao si mzaha, "Umeficha nini?"

Nanyi nawaachia maneno machache. Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu karibu milioni 18 duniani, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Kwa hiyo si ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Wenzangu wa zamani, mliokwisha kupita miaka 40, nendeni mkapimwe presha juma hili, hakuumizi. Wanafunzi, mkimwona mzazi ameshika kifua, ametoka jasho baridi, anatweta, au maumivu yanakwenda mkononi na tayani, na yeye asema ni kiungulia, msimsadiki upesi. Na jueni kwamba kwa wanawake, na kwa wenye kisukari, huenda kifua kisiume sana. Pengine huwa ni uchovu wa ghafula, kichefuchefu na kukosa pumzi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kama petroli hakuna, wagongeeni mafundi.

Na siku nanyi mtakapokuwa wagonjwa, msilale tu. Fanyeni kazi yenu, semeni kweli.